Barua ya wazi kwa wakubwa wa hospitali zetu Mombasa: magnesiamu ya leba mbona haivuki korido?

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na kwa wasioitikia hivo, habari zenu za kazi.

Nawaandikia nyie mnaosaini. Manake hapa mjini kuna watu wa kusema na kuna watu wa kusaini, na mie hao wa kusema nshamalizana nao, tumesema kwenye chai, tumesema wakati wa kubadilishana shifti, tumesema mpaka kwenye matatu ya kurudi Kisauni, na kesho yake tukiingia kazini stoo iko vile vile. Mie ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huu mwaka wa kumi na moja, na kabla ya hapo nilikaa leba miaka minne. Hospitali siitaji. Wala msihangaike kuitafuta, manake wenzangu wa hospitali zingine za huku Pwani nikianza kuwasimulia sijafika nusu wao washadakia.

Ninachodai ni magnesiamu, ile dawa ya kifafa cha mimba (degedege la mjamzito mwenye presha ya juu), ivuke kutoka leba ifike na thieta, chumba cha upasuaji, isaidie kupunguza maumivu. Lakini nianze na leso.

Kuna mama mmoja, muuza samaki wa kukaanga wa huko ng'ambo Likoni, alitolewa kizazi sababu ya faibroidi. Thieta walimtoa saa kumi na moja jioni, akaja wodini anatetemeka. Si baridi, ilikuwa Februari, na Februari ya Mombasa mwaijua, feni yenyewe yazungusha joto tu. Alitetemeka mpaka vyuma vya kitanda vikawa vyalia, kwa-kwa-kwa, bintiye akamfunika leso mbili juu ya blanketi, wapi. Nikaangalia chati: parasetamoli, daiklofenaki, na mofini "ikihitajika". Nikamuuliza vile tulivofundishwa, mama, maumivu yako wapi kati ya sifuri na kumi. Akanijibu, "Alhamdulillah mwanangu."

Sasa niandike nini? Alhamdulillah ni ngapi kati ya kumi?

Nikauliza tena kwa njia nyengine, yauma sana ama kiasi, akasema tu "si haba, fanya kazi zako". Saa nane usiku nikipita na tochi ya simu nikamkuta ameuma pindo la leso, pale palipo na maandishi, limeloa na limetoboka kabisa, na macho yako wazi yanitazama. Hakuniita. Kitanda cha pili yake kulikuwa na dada mmoja wa kupiga makelele tangu magharibi, huyo alikuwa kashapata sindano yake ya mofini na kalala fofofo. Hiyo ndo "ikihitajika" ya kwetu waheshimiwa, mwenye kelele apewa, mwenye haya auma leso. Na wanawake wa huku, na wazee wa kiume pia tena hao ndo zaidi, wengi wamelelewa hivo, kulia mbele za watu ni aibu, kwa hivo chati inayongoja mtu aombe yawangoja watu ambao hawataomba.

Yule mama hakukohoa siku mbili sababu akikohoa mshono wauma. Hakuamka. Siku ya tatu kifua kikashika, homa, tukaanza antibiotiki, tukaanza oksijeni, akaondoka siku ya tisa na wenzake wa upasuaji kama ule waliondoka ya nne. Tumbo lilishonwa vizuri tu, daktari hana lawama. Kilichomuweka kitandani ni yale maumivu na kule kulala chali bila kupumua vizuri. Hili si jambo langu la kubuni, yule daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, kuanzia miaka ya 90 alikuwa ashaonyesha kwamba mgonjwa akipunguziwa maumivu vizuri, akala mapema na akatembea mapema, arudi kwao haraka, na dunia nzima ikafuata. Sie huku twamwambia mgonjwa "amka utembee" alafu hatumpi cha kumfanya aweze kuamka.

Alafu mwaka jana akaja daktari wa usingizi wa muda, wa kushikia mwenzake aliyeenda likizo. Mtu mpole, haongei sana. Siku ya kwanza yake thieta akamtuma mtu leba aazime kichupa cha magnesiamu. Leba wakashtuka, kuna kifafa cha mimba? Akasema hapana, ni mgonjwa wa kutolewa kizazi. Wakampa huku wanung'unika, na kwa kweli walikuwa na haki ya kunung'unika, hilo ntalirudia. Nilikuwa nimeshuka kupeleka mgonjwa mwengine, nikasimama mlangoni kutazama. Akachora kwenye sirinji kidogo tu, akaweka kwenye mfuko mdogo wa maji ya chumvi wa mililita 100, akabandika plasta akaandika kwa kalamu jina la dawa na saa, na akaiacha iingie polepole kama dakika kumi na tano hivi, macho kwenye mashine ya presha muda wote. Baada ya hapo akaiendeleza kwa pampu, kiasi kidogo kwa saa, mpaka karibu wanaanza kushona.

Yule mgonjwa alipokuja wodini sikusikia kitanda. Ndo kitu cha kwanza nilichokigundua, kimya. Alikuwa na maumivu, asije mtu akasema nimesema hakuwa nayo, lakini alijigeuza mwenyewe, na ilipofika saa tatu usiku akaniuliza kama simu yake ina chaji. Asubuhi akaenda choo ameshika stendi ya dripu mkono mmoja na mkono mwengine ameshika mshono. Bila kubebwa.

Najua. Mgonjwa mmoja si ushahidi, na mie ningekuwa nyie ningeniambia hivo hivo. Huenda ngozi yake ni ngumu, huenda daktari yule ana mkono mwepesi. Kwa hivo nikaanza kusoma, usiku wodi ikitulia, na nilichokuta ni kwamba hili jambo wala si geni, sie tu ndo wageni.

Kwa wale wenye kusaini ambao si watu wa dawa ntalieleza kwa njia ya ferri. Mwalijua geti la Likoni asubuhi, watu wamejaa, mlinzi yuko mlangoni. Mlinzi akisimama imara watu huingia kwa mpango. Umati ukisukuma, ukasukuma tena, mlinzi hurushwa kando, na likishafunguka hivo hata yule asokuwa na haraka naye akimbia. Sasa kwenye uti wa mgongo kuna vigeti vya namna hiyo, habari ya maumivu ndo yapitia hapo, na mlinzi wake wa maumbile ni hiyo hiyo magnesiamu, imekaa mlangoni imeziba. Kisu kikipita habari zaja, zaja, zaja, mlinzi ang'oka, kalsiamu yamiminika ndani ya neva na kuanzia hapo neva yenyewe yageuka kali, hata shuka likigusa karibu na mshono mtu aruka. Kumpa mgonjwa magnesiamu anapokatwa ni kuongeza walinzi kabla umati haujafika. Haimlazi mtu usingizi na haitoshi peke yake, hiyo muelewe, ni dawa ya kusaidia dawa zengine.

Na yasaidia kiasi gani? Mwaka 2013 kuna wataalamu walikusanya majaribio 25 ya magnesiamu ya mshipa kwa watu wa upasuaji, wagonjwa zaidi ya 1,400 kwa jumla, wakakuta waliopewa walitumia mofini pungufu kwa karibu robo katika saa 24 za mwanzo. Kutetemeka baada ya upasuaji nako tafiti zengine zimeonyesha kwapungua. Kwenye kile kipimo cha maumivu chenyewe, cha namba, tofauti ilikuwa ndogo, sitawaficha, manake mkija kuipitisha mkitegemea muujiza mtaifuta baada ya mwezi. Lakini fikirieni hiyo robo iko wapi. Hospitali yenye mofini tele, robo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kwetu mofini iko ndani ya kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa na sheria, kabati lina kufuli, ufunguo uko kwa muuguzi, na muuguzi usiku ana wagonjwa thelathini na kitu na mwenzake mmoja, na kutoa sindano moja kunataka sahihi mbili. Robo ya hapo ni mtu kulala ama kutolala.

Sasa kinachoniuma hasa.

Hii dawa tunayo. Haiagizwi kutoka Ulaya, haina kampuni inayoidai, ni chumvi, chumvi kabisa, ndugu yake ndo ile chumvi ya Epsom bibi zetu walokuwa wakinywa kusafisha tumbo. Ni katika dawa za bei ya chini kwenye stoo nzima. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na iko leba, kwenye sanduku la kifafa cha mimba, hatua kama arobaini kutoka mlango wa thieta, nimezihesabu. Pale leba twaitumia bila woga na tuna haki, manake mwaka 2002 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ikaonekana yapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hilo halina mjadala, mie mwenyewe nimewadunga kinamama wangapi sijui.

Na hebu linganisheni vipimo. Mama wa kifafa cha mimba, kwa ule utaratibu wa kudunga makalioni, humpa gramu 4 za mshipa na gramu 10 za nyama, tano tako hili tano lile, yaani gramu 14 kwa mkupuo wa kuanzia, alafu gramu 5 kila saa nne. Mgonjwa wa thieta kipimo chake ni miligramu 30 mpaka 50 kwa kila kilo ya uzito, kwa hivo mtu wa kilo 60 apata gramu mbili hivi, tatu kabisa, na baada ya hapo kidogo kidogo kwa pampu, miligramu 8 mpaka 15 kwa kilo kwa saa. Dawa tunayoiogopa chumba hiki, chumba cha pili twaimimina kwa mkunga mmoja na nyundo ya goti.

Ila hapo kwenye nyundo ndo pana jambo, na naomba msiruke hii sehemu hata kama ni ndefu, manake kuna mtu atasoma hapo juu kesho aanze kuchanganya dawa bila mpango.

Leba twalindwa na goti. Kabla ya kila dozi wagonga goti, mguu ukiruka endelea, usiporuka simama. Wahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Waangalia mkojo, angalau mililita 100 kwa saa nne, sababu dawa hii hutoka kwa njia ya figo na figo zikilala hiyo yajikusanya. Ikizidi mwilini goti ndo la kwanza kunyamaza, pumzi yafuata, mwisho moyo. Kwa hivo goti ni kengele. Sasa thieta mgonjwa amepewa dawa ya kulegeza misuli, goti lake limeshanyamaza kwa dawa nyengine, utagonga mpaka kesho. Mashine ndo yampumulia, kwa hivo pumzi nazo hazikwambii kitu. Hata wa sindano ya mgongo goti lake halina habari, huyo ni bora ugonge mkono. Kengele zetu za leba zote mbili zimezimwa pale, na isitoshe magnesiamu yenyewe yaongeza nguvu ya hiyo dawa ya kulegeza misuli, yaifanya ikae zaidi. Daktari asiyelifikiria hilo atatoa mpira kooni mapema na mgonjwa atakuja wodini misuli bado mizito.

Nimeliona hilo, tena bila magnesiamu. Kijana dereva wa tuktuk, apendiksi, aliletwa kwangu kabla hajakaa vizuri chumba cha kuzindukia, kisa kitanda cha kule chatakikana. Nikamwambia inua kichwa uhesabu mpaka tano. Alikiinua kidogo kikarudi, kama kuku anayesinzia. Midomo ikaanza kubadilika. Nilimrudisha chini mbio, mie nasukuma kitanda, mama wa usafi aokota dripu, na nashukuru kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni siku ile kilikuwa na betri. Kijana yu hai, aendesha tuktuk mpaka leo pale Mwembe Tayari, akiniona apiga honi. Lakini ndo maana nasema, magnesiamu bila mpango wa kumzindua mtu vizuri ni bora ibaki kwenye sanduku lake.

Kwa hivo ninachoomba si "leteni magnesiamu thieta" basi. Thieta ipate kile kimashine kidogo cha kushtua neva mkononi, kile kinachoonyesha misuli imerudi kiasi gani, hata kimoja cha kuzunguka vyumba vyote. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndo dawa ya kuitangua, ikae ndani ya droo ya thieta, isiwe ni ya kukimbilia famasi wakati famasi wamefunga wameenda kuswali. Kila mgonjwa apimwe figo kwanza, na mwenye figo mbovu asipewe kabisa, wala mwenye moyo unaokatika mapigo, wala mwenye ule ugonjwa wa misuli kuchoka. Kichupa ni asilimia 50, gramu 5 ndani ya mililita 10, kisiguswe bila kuchanganywa na maji, manake ikiingia haraka presha yaanguka na mgonjwa aliye macho awaka moto mwili mzima, kinamama wa leba watawaambia huo moto ulivo. Na rafu yake isiwe karibu na ya potasiamu. Vichupa vidogo, maji meupe, usiku, taa moja imekufa, mtu yuko shifti ya pili mfululizo, jamani.

Na mgonjwa asitoke chumba cha kuzindukia mpaka ainue kichwa sekunde tano na ashike mkono wa muuguzi aubane. Hii hata haina gharama. Ina gharama ya kuambiana ukweli kwamba kitanda kinatakikana lakini kitangoja.

Alafu lile la leba walonung'unika. Waheshimiwa, hapa mkifanya haraka mtaua mtu. Mkisema thieta wachukue tu ile ya leba, kuna siku saa tisa usiku mama atashikwa na degedege akafunguliwa sanduku likakutwa tupu, sababu mchana kulikuwa na watu watatu wa kutolewa kizazi. Nilikuwa leba, nimemshika mama anayerusha miguu na ulimi umekatika damu yatoka, na nawaambia wazi, nikiambiwa nichague kati ya huyo na maumivu ya mshono mie nachagua huyo bila kufikiri, hata yule mama wa leso angenikubalia. Kwa hivo thieta iwe na stoki yake, laini yake kwenye oda, jina lake kwenye kitabu, na sanduku la leba lisiguswe na mtu asiyekuwa wa leba. Kama pesa ya kununua ya ziada haijapatikana basi subirini, mie ntaendelea kupita na tochi.

Kuna daktari mmoja nilipomwambia haya akanijibu, ketamini tunayo, yafanya kazi kwenye geti hilo hilo, wataka magnesiamu ya nini. Ni kweli, ketamini nayo yaziba pale pale na dozi ndogo yasaidia sana, na kama thieta zetu zingekuwa zaitumia hivo kwa kila mgonjwa nisingeandika barua. Lakini wengi wanaiogopa sababu ya mtu kuzinduka aona vitu, mzee wa watu aamka adai yuko juu ya jahazi, na kwa kuogopa hivo hawatoi yoyote. Magnesiamu haina ndoto. Sikatai ketamini, nakataa mgonjwa kutoka thieta bila hii wala ile.

Tena kabla hata ya magnesiamu kuna ya bure kabisa ambayo mngeyaanza Jumatatu. Futeni "ikihitajika" kwa parasetamoli. Iandikwe kwa saa, kila saa sita, aombe asiombe, alale asilale. Daktari wa upasuaji akimaliza kushona adunge ile dawa ya ganzi pembeni mwa mshono, dakika mbili, dawa ipo. Haya mawili pamoja na magnesiamu ndo yatasaidiana, manake magnesiamu peke yake juu ya chati mbovu ni kama kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Nimeambiwa pia, na hili limeniudhi kidogo, kwamba muuguzi wa wodi si mtu wa kusema habari za dawa za usingizi. Sawa. Lakini mtu wa usingizi amaliza kazi yake mgonjwa anapofungua macho, na mie yangu ndo yaanza hapo, saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi nipo mie na matokeo ya alichokifanya. Nisiposema mie atasema nani, yule mama kashasema Alhamdulillah.

Wala sitaki muamini maneno yangu. Pimeni. Miezi mitatu mbele hatubadilishi kitu, twaandika tu, kila mgonjwa wa tumbo, dozi ngapi za mofini usiku wa kwanza, alitetemeka ama hakutetemeka, aliamka kwenda choo siku ya ngapi, aliondoka ya ngapi. Na maumivu tuyapime kwa vitendo badala ya namba, aweza kukohoa ama hawezi, aweza kujigeuza ama hawezi, hapo hakuna cha kuona haya. Alafu miezi mitatu na magnesiamu, tuandike vile vile, na yule aliyeletwa misuli mizito naye aandikwe, asifichwe. Daftari ntalichora mie, rula ninayo. Ikionekana hakuna tofauti kwetu ntakuwa wa kwanza kusema rudisheni vichupa.

Ukurasa wa utaratibu wenyewe pia nshauandika, yule daktari wa muda kabla hajaondoka alikaa nami jioni moja akanisahihishia vipimo kwa kalamu nyekundu: nani apewe, nani asipewe, kiasi, muda wa kuingiza, nini cha kuangalia, kalsiamu iko wapi. Ukurasa mmoja tu, unabandikika ukutani. Kopi ya kwanza niliiacha mapokezi ya ofisi mwezi wa Machi ndani ya bahasha ya kaki. Ya pili niliipeleka mwezi wa sita, sekretari akaniambia ile ya kwanza haionekani, niache na hii. Ya tatu iko mkobani mwangu sai, imekunjika kidogo pembeni lakini yasomeka. Nambieni niilete ofisi gani, na mkononi mwa nani.

Muuguzi wa zamu ya usiku, wodi ya upasuaji
Mombasa